Bei ya Kununulia

Mtani hakasirikiwi. Hiyo ndiyo sheria, na Milembe aliinyonya pamoja na maziwa ya mama yake palepale Dutwa. Mtani akikuita nyani, wewe unamwita fisi. Akikukwapulia kofia, unamkimbiza huku unacheka. Akija kwenye msiba wako, akavaa koti la marehemu wako na kuchechemea kama marehemu alivyokuwa akichechemea, unafuta machozi na kucheka, na ukishindwa kucheka unanyamaza. Lakini hasira mwiko.

Sasa jaribu wewe kukanyaga baiskeli kutoka Dutwa mpaka Bariadi, jogoo mzima umemfunga kwenye keria, umejaa hasira, halafu ukumbuke kwamba hasira mwiko. Milembe alikanyaga pedali kama anamkanyaga mtu. Malori ya pamba yalimpita na kumwachia vumbi, naye akayatukana yote, hata yale yaliyompigia honi kwa adabu. Angemtukana nani mwingine? Mwenye kustahili matusi alikuwa mtani wake.

Mambo yalianza kwenye msiba wa baba yake, Mzee Masele. Ukoo wa Luhaga, ambao ni watani wa akina Masele tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, ulifika kama ilivyo desturi. Wakachimba kaburi, wakagombea mchanga, wakamsema marehemu kwa uchoyo wake wa tumbaku mpaka wafiwa wakashika mbavu. Aliyewaongoza alikuwa Kasmiri, kijana wa zamani wa mizani katika chama cha ushirika, aliyepunguzwa kazi chama kilipoanza kuyumba. Huyo Kasmiri ana ulimi! Aliweza kumchekesha mtu aliyezimia.

Kuna mchezo mmoja ambao watani hawauachi. Mtani hunyakua kitu cha marehemu, fimbo au kofia au blanketi, akasema ni chake mpaka kikombolewe. Wafiwa hutoa kuku, au sarafu chache, mtani akalalamika kwamba ni kidogo, wakavutana, wakacheka, kitu kikarudi. Hakuna aliyewahi kusikia kitu kimevuka ua.

Kasmiri alinyakua kigoda. Kati ya vitu vyote vya mji ule, alinyakua kigoda, isumbi ya miguu mitatu iliyochongwa kwa gogo moja, ambayo Mzee Masele aliikalia kila jioni kwenye lango la zizi akiwatazama ng'ombe wakiingia. Baba yake naye aliikalia hapohapo. Siku ya kumaliza matanga, anayerithi mji hukalishwa juu yake mbele ya ukoo mzima, na kuanzia hapo mji ni wake: nyumba, ng'ombe na ngitili, yale malisho ya akiba yanayofungwa mpaka kiangazi. Mzee Masele hakuwa na mtoto wa kiume aliye hai. Alisema kwa kinywa chake, wazee wakisikia, kwamba atakayekaa ni Milembe, binti yake, aliyeachana na mume huko Bukundi, akarudi kumwogesha na kumlisha mpaka siku ya mwisho. Magese, mdogo wake marehemu, alikohoa tu, akasema, "Haya, kaka. Anayekaa ni mwenye kigoda."

Magese huyohuyo ndiye aliyetakiwa kukomboa. Akatoa kuku. Na kuku gani! Shingo imelegea, macho yanafumba. Kasmiri akamshika mguu, akamwinua juu watu wamwone.

"Jamani, huyu ana mdondo! Mnataka kuniua na mimi mpate misiba miwili kwa uji mmoja? Naondoka na kigoda changu. Mkipata kuku mwenye afya mtanikuta."

Akakifunga kwenye baiskeli, akaondoka nacho. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Milembe naye alicheka, tena kwa sauti, na ndicho kicheko chake cha kwanza tangu baba akate roho. Kila alipokikumbuka kicheko kile alitamani kujizaba kofi.

Maana Kasmiri hakurudi. Milembe alipotuma mtu kwa akina Luhaga, jibu likawa, Kasmiri yuko Bariadi, amefungua duka. Duka la nini? Hawajui vizuri. Aliyejua ni Joakim, jirani anayepeleka pamba mjini. Alikuja jioni moja amekunja uso.

"Milembe, kigoda cha mzee nimekiona kinauzwa," alisema.

Ndiyo maana siku ya pili yake alikuwa barabarani na jogoo wake, zikiwa zimebaki siku chache tu matanga yamalizwe.

Bariadi ilikuwa imebadilika. Mtaa mzima ulikuwa mabanda ya mitumba, redio kaseti zikishindana kwa kelele, wanunuzi binafsi wa pamba wameegesha magari yao mahali ambapo zamani ni ushirika tu uliokuwa na neno. Kila mtu anauza kitu. Biashara huria, ruksa! Duka la Kasmiri lilikuwa chumba kimoja chenye kibao kipya: VITU VYA ASILI NA VYA KALE. Ndani kulikuwa na vibuyu vya maziwa, majembe yaliyokwisha, ngoma zilizopasuka, shanga za bibi za watu, na yale masanamu makubwa ya mti ambayo vikundi vya ngoma huinua wakati wa mashindano. Wafanyabiashara wa Mwanza walivinunua kwa jumla. Wazungu waliotoka mbugani kwa njia ya Lamadi nao walipita mara mojamoja.

Milembe alisimama mlangoni, akameza hasira yake yote, akaanza kwa salamu kama inavyotakiwa.

"Mwangaluka, maiti uliyesahauliwa kuzikwa."

"Mwangaluka, mayu, mama yangu!" Kasmiri akacheka. "Ingia, ingia, mke wa fisi. Umeniletea mchumba?"

"Nimekuletea huyu." Akamtua jogoo juu ya meza. "Mwangalie jicho. Hana mdondo, hana ndui, hana hata kiroboto. Nipe kigoda cha baba."

Kigoda kilikuwa rafuni, nyuma ya Kasmiri. Kimepakwa dawa ya viatu kikawa cheusi tii, na kimening'inizwa karatasi shingoni mwa mguu mmoja. Milembe akasogea akasoma: KITI CHA MTEMI, MIAKA 200.

"Mtemi gani?" akauliza. "Baba yangu alikuwa mlinzi wa kinu cha pamba."

"Wageni wanapenda watemi, mayu. Mlinzi wa kinu hanunuliki."

"Haya. Kishushe niende zangu."

Kasmiri akamtazama jogoo, akamsukuma taratibu kwa kiganja mpaka ukingoni mwa meza. "Kuku ni kule msibani. Hapa ni dukani. Kigoda elfu arobaini na tano."

Milembe alidhani utani unaendelea, akaangua kicheko. "Elfu arobaini na tano! Hiyo si nakununua wewe, na mkeo, na duka lako, na chenji narudishiwa!"

Kasmiri naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Alikuwa akimtazama fundo la khanga kiunoni, mahali mwanamke anapofunga hela. Hapo Milembe akaelewa kwamba mtu huyu hatanii. Damu ikampanda mpaka masikioni.

Angefanya nini? Angekibeba akakimbia? Mtaa mzima ungepiga yowe la mwizi, na mwizi angekuwa yeye. Kwenye fundo alikuwa na elfu kumi na mbili, hela ya mbuzi wake aliowauza kwa ajili ya chakula cha matanga. Akavuta pumzi, akaingia sokoni.

"Elfu mbili," akasema.

"Mayu, usinitukane asubuhi. Hata ya sabuni sijapata. Toa arobaini, nifungulie biashara."

"Tatu. Na jogoo juu."

"Jana Mzungu alikishika hivi, akakipapasa, akauliza kama kuna kingine. Atarudi. Thelathini na tano, kwa kuwa ni wewe."

"Kwa kuwa ni mimi ni nani? Mwenye kigoda?"

"Kwa kuwa ni mtani wangu! Mtani namfanyia thelathini. Mtu mwingine hata nisingemjibu."

"Koma hapo, Kasmiri." Sauti ya Milembe ilianza kutetemeka. "Ukitaka kupandisha bei, wewe ni mfanyabiashara. Ukitaka nisikasirike, wewe ni mtani wangu. Chagua kimoja. Huwezi kunikamua mbele na nyuma."

"Aa, sasa unakasirika? Mtani hakasirikiwi, mayu, utalaaniwa." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemtuliza ng'ombe amkamue, na huo upole ndio uliomuuma Milembe kuliko bei. "Ishirini na tano. Nipe hela, nikufungie kwenye gazeti."

"Sita."

"Ishirini."

"Saba, na ukitaka zaidi chimba kaburi la baba yangu umwombe yeye. Si ulilichimba mwenyewe? Njia unaijua."

Mteja mmoja aliyekuwa akichungulia dirishani akacheka. Kasmiri hakucheka. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo, maana watu walikuwa wanasimama nje kusikiliza, na duka lenye ugomvi halinunuliwi kitu.

"Kumi na tano, yaishe."

"Kumi."

"Kumi! Milembe, sikiliza, niongee na wewe kama ndugu. Kumi na mbili ndiyo mwisho wa dunia. Hapo napata elfu nne tu, na hiyo ni nauli ya mzigo mpaka Mwanza. Nikishuka hapo nakula mtaji. Mimi mwenyewe nimekinunua nane!"

Kila mwenye duka husema hivyo. Nenda soko lolote utaapiwa kwa jina la Mungu kwamba bei unayotaka hairudishi hata ya kununulia. Kasmiri alikuwa amelisema neno hilo tangu asubuhi kwa kila mteja, likamtoka kwa mazoea kabla hajalitazama.

"Umekinunua," alisema Milembe.

Kasmiri akashika kitambaa, akaanza kupangusa meza.

"Si ulikikwapua msibani, mbele ya macho yangu? Si ulisema tutafute kuku mwenye afya? Umekinunua kwa nani?"

"Ni namna ya kusema tu, mayu..."

"Kwa nani, wewe!"

Lakini alishajua. Alimwona yule kuku shingo imelegea, alimwona anayemtoa hata bila aibu usoni. Baba mdogo ana kuku zaidi ya thelathini! Kati ya wote hao alimtafuta mgonjwa, akamleta msibani ili akataliwe.

"Mimi ni mfanyabiashara," Kasmiri alisema hatimaye, akiangalia meza. "Magese alinifuata mwenyewe. Akasema kichukue kwa njia ya utani, hakuna atakayeuliza. Nikampa nane. Kosa langu nini? Wewe mchukue huyo jogoo wako, nipe nane yangu, bei ileile ya kununulia, sitaki hata senti ya faida. Chukua kigoda uende."

Akakishusha rafuni, akakiweka mezani. Kilikuwa karibu kiasi cha kugusa. Elfu nane ilikuwepo kwenye fundo, na nne zingebaki. Vidole vya Milembe vilishafika kwenye fundo, vimeanza kulilegeza.

Akaviondoa.

"Sinunui."

"Sasa unataka nini? Nimekushushia mpaka chini ya ardhi!"

"Nikikupa hata thumni, ina maana Magese aliuza chake, wewe uliuza chako, na mimi nimenunua kwenye duka kama mgeni. Na baba yangu hakuwa na kitu. Sinunui! Sinunui cha baba yangu, unasikia, Kasmiri? Na sasa nisikilize vizuri, nanyi mlioko nje sikilizeni. Kuanzia leo wewe si mtani wangu. Wewe wala ukoo wa Luhaga. Utani umekwisha. Kwa hiyo sasa nakasirika!"

Na akakasirika. Jamani, alikasirika! Yote aliyoyameza tangu Dutwa yaliruka nje kwa pamoja, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na redio za jirani zikazimwa ili watu wasikie. Alimwita mla maiti. Alimwita mwizi wa msibani, mtu asiye na watu wa kumzika. Alilichana lile karatasi la mtemi vipande vipande, akamrushia usoni. Mwanzoni Kasmiri alijaribu kucheka, kama mtani anavyopaswa kucheka akitukanwa. Kisha akaona kwamba mwanamke huyu hatarajii kicheko, na uso ukamwanguka.

Milembe akamchukua jogoo wake, akapanda baiskeli.

Njiani hasira ilipopoa kidogo ilimgeukia mwenyewe. Mjinga wewe! Kigoda kilikuwa mezani. Elfu nane, umeshindwa kuinama uokote? Alishuka mara mbili, akageuza baiskeli arudi. Mara zote mbili alimwona Magese akilini akipokea zile noti, akageuza tena kuelekea nyumbani. Alifika Dutwa alasiri, ana njaa, na hakumwambia mtu neno.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulijaa uani. Aliyesimamia mambo ni Shangazi Ng'washi, dada mkubwa wa marehemu na Magese, mwanamke mkavu asiyependa maneno mengi. Magese alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Watu walipokwisha kula, alisimama bila kuambiwa.

"Ndugu zangu, tusipoteze muda. Kaka alisema akae Milembe, nami sipingi neno la marehemu. Lakini anakalia nini? Kigoda kiko wapi? Ng'ombe hawawezi kulala bila mwenyewe. Nitawashika mimi kwa sasa, mpaka kigoda kipatikane."

Watu wakaguna. Wengine walitikisa kichwa kukubali. Shangazi akamgeukia Milembe.

"Kigoda kiko wapi, ng'wana Masele?"

Milembe akasimama. Sauti aliishusha chini kabisa.

"Kiko dukani kwa Kasmiri, shangazi. Nilikwenda kukikomboa, nimeshindwa bei."

"Bei ya nini? Mtani hupewa kuku!"

"Anasema yeye hakukikwapua, alikinunua. Anasema hawezi kushusha kwa sababu alikinunua bei kubwa mno. Alimlipa baba mdogo elfu arobaini."

Magese hakuwahi kuvumilia kupunjwa, hata chumvi ya kijiko. Aliruka juu kama ameketi kwenye siafu.

"Arobaini! Mwongo mkubwa yule! Mwizi! Elfu nane, nane tena noti chakavu, moja imeungwa kwa gundi! Arobaini ameitoa wapi? Yeye ndiye..."

Akasikia sauti yake mwenyewe, akasita, mdomo wazi. Mtoto mmoja alianza kulia, akanyamazishwa kwa ziwa.

"Elfu nane," alisema Shangazi Ng'washi. "Kaka yetu umemuuza elfu nane."

"Dada, ni kipande cha mti! Siku hizi kila kitu kinauzwa, ninyi mnaishi wapi? Mahakama ingeniuliza nini, kigoda kina hati?"

"Kaa chini."

"Nitakwenda kukinunua, basi! Nitatoa mtamba wangu mmoja, nitakirudisha kesho!"

Ndipo Joakim, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, aliposema kwa shida kwamba alipita dukani jana. Kigoda hakipo. Kimebebwa na gari la kwenda Mwanza, na huko hakuna ajuaye kimeelekea wapi.

Kilikuwa mezani, karibu kiasi cha kugusa! Aliwatazama watu wote wale, kisha akamtazama baba yake mdogo, na kama angekuwa na panga mkononi siku ile ingekuwa na habari nyingine. Ng'ombe walikuwa wanaingia. Shangazi Ng'washi alinyanyuka, akamshika mkono, akampeleka mpaka kwenye lango la zizi, mahali ambapo miguu ya kigoda ilikuwa imechimba ardhi kwa miaka yote ile, vishimo vitatu vigumu visivyoota jani.

"Kalia hapo," alisema. "Mji ni wako. Anayebisha aseme nikiwa hai."

Hakuna aliyebisha. Milembe akakaa chini, juu ya ardhi tupu, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Ng'ombe wakampita wakimnusa, mmoja mmoja.

Mrithi akishakaa, hajiinui mwenyewe. Mtani huja mbio, akamvuta mkono, akamtukana kwamba amekalia kiti cha watu kwa makalio machafu, akamwinua kwa nguvu, na watu hucheka, na kucheka kule ndiko kunakofunga jambo lote na kuondoa msiba uani. Milembe aliketi akingoja. Watu nao waligeuza macho kuelekea njia ya kwa akina Luhaga. Njia ilikuwa nyeupe, haina mtu. Habari za Bariadi zilikuwa zimewafikia, na mtu aliyeambiwa si mtani, aje kufanya nini?

Ng'ombe wa mwisho akaingia. Mzee mmoja akakohoa. Milembe akajishika magoti, akajiinua mwenyewe, akajikung'uta vumbi la nyuma, akaenda kufunga lango.